Kutu ya Siku Tatu

Mjomba wangu hachomelei geti na kulipaka rangi siku hiyohiyo. Akimaliza kuchomelea hulitoa uani, akalilaza juu ya magogo mawili ya mnazi, akaliacha lipigwe na umande siku tatu mpaka liote wekundu mwembamba, kama vumbi la barabara yetu. Siku ya nne hulisugua kwa brashi ya waya. Haimalizi kutu yote, huondoa ile inayopukutika tu. Kisha huchukua maji ya magome ya mkandaa, mti wa mikokoni, aliyoyachemsha mwenyewe kwa maji ya mvua, akalipangusa nayo kwa kitambaa. Ule wekundu hugeuka zambarau huku unautazama, halafu ukawa mweusi kama wino. Likikauka, hulipangusa tena. Ndipo huja rangi.

Karakana yake iko Gando, kando ya barabara, na ng'ambo kuna barza ambayo haikosi watu. Kila aliyepita akaona chuma kipya kinaota kutu juani alikuwa na la kusema.

"Fundi Kutu! Imeiva?"

"Bado mbichi!" mjomba hujibu bila kuinua kichwa. "Njoo keshokutwa na sahani yako."

Jina hilo lilikuwa la utani tu, na mwenyewe alilizoea. Nilipofika mimi ndipo lilipokaribia kuwa la kweli.

Nilirudi kutoka Dar es Salaam na shahada ya kemia na tabia ya kuuliza kwa nini, na kati ya viwili hivyo ni tabia tu iliyokuwa na kazi ya kufanya. Nilikuwa nimepeleka maombi ya kazi kila mahali penye mlango. Wakati nikisubiri majibu, mama aliniambia niende kwa kaka yake nikamsaidie, maana nikikaa nyumbani nitamuuliza maswali mpaka chungu kiungue. Nikaenda. Nilijifunza kushika msumeno wa chuma, kupima pembe, na kufumba macho kwa wakati. Kazi niliipenda tangu wiki ya kwanza. Kilichonishinda kuvumilia ni yale magome.

"Mjomba, kutu si ndiyo adui?"

"Ndiyo."

"Sasa kwa nini unamkaribisha nyumbani?"

"Nimjue sura."

"Hilo si jibu."

"Hilo ndilo ninalo, mwanangu. Nipe brashi."

Siku nyingine nilimuuliza kwa nini ni maji ya mvua tu. Nyuma ya karakana kulikuwa na pipa la kukingia maji kutoka kwenye bati, na mjomba alililinda kama sanduku la mahari. Hata kunawa mikono hakuruhusu mtu. Kisima kilikuwa hatua thelathini tu, kina maji mwaka mzima. Akaniambia maji ya kisima na chuma hawaelewani. Nikamuuliza waligombana lini. Aliweka chini koleo na kunitazama kwa muda, nikadhani atakasirika, kumbe alikuwa anazuia kicheko.

Kulikuwa na mengine pia. Magome yachemshwe baada ya alasiri. Yasikorogwe kwa mkono wa kushoto. Chungu kisiondolewe mfuniko na mwenye njaa. Mimi nilivitia vyote kapu moja, kutu, mvua, alasiri, mkono wa kushoto na njaa, nikaviita mazoea. Hapo ndipo kosa langu lilipozaliwa. Mtu anayehoji kila kitu anatakiwa akihoji kimoja kimoja. Mimi nilivihoji kwa jumla.

Geti lililoniumbua lilikuwa la mama mmoja auzaye barafu na juisi za ukwaju, nyumba yake ya mwisho kabisa upande wa pwani. Mtaani tunamwita bibi wa barafu, ingawa hajafika umri wa kuitwa bibi na ulimi wake hauna baridi hata kidogo. Alitaka geti la mabawa mawili, rangi ya kijani, na alilitaka upesi. Mjomba aliniambia litachukua muda wake. Mimi nikamwambia: tulisugue kwa msasa ling'are, tulioshe vumbi, tulikaushe, tulipake rangi ya msingi, na juu yake kijani. Siku mbili. Ndivyo inavyofanywa duniani. Chuma kisafi, rangi safi.

Alifikiri sana. Najua sasa kwamba hakuwa anafikiria chuma. Alikuwa ananitazama mimi, mtoto wa dada yake, aliyesomeshwa kwa michango ya ukoo mzima, akitaka kuona kusoma kule kunazaa nini.

"Haya," alisema. "Wewe ndiye uliyesoma."

Nilisugua kutwa nzima. Chuma kiling'aa mpaka nikaona uso wangu ndani yake. Nikachota ndoo nne za maji kisimani, nikaliosha vizuri, likakauka juani, tukapaka. Siku tunalipeleka, watu wa barza walisimama.

"Leo Fundi Kutu kapeleka kibichi!"

"Kapata mwalimu," mjomba aliwajibu, na sauti yake ilikuwa na fahari ambayo nikiikumbuka hadi leo nataka kujificha.

Masika yalikuja, yakaenda. Asubuhi moja tunakata nondo, tukamwona bibi wa barafu anakuja, kanga kaifunga kiunoni, na mkononi kanzu nyeupe imekunjwa.

"Asalaam aleikum, fundi."

"Waaleikum salaam, dada yangu. Karibu kiti."

"Sikai. Nimekuja kukuonesha kitu." Akaikunjua ile kanzu. Mgongoni, kutoka begani hadi kiunoni, kulikuwa na michirizi myekundu mitano imepangika kama pau za dirisha. "Hii ya mkwe wangu. Kaja kuzungumza habari za harusi ya binti yangu, mtu wa heshima, kaegemea geti lako kungoja afunguliwe. Katoka pale kama punda milia. Nimeifua mara tatu. Ndimu nimetia, chumvi nimetia. Kutu haitoki, fundi!"

Mjomba aliichukua kanzu kwa mikono miwili. Nilisogea ili niseme, naye, bila kunitazama, akanikanyaga mguu.

"Kosa ni langu," alisema. "Nitalifanya upya kabla ya harusi. Na kanzu nitanunua nyingine."

"Kanzu niachie mimi. Mie nataka geti. Wageni watakuja na nguo nyeupe, fundi. Nyeupe!"

Tulikwenda kuliangalia. Rangi ilikuwa imevimba malengelenge, na ukilibonyeza moja kwa kidole lilipasuka, likatoa maji yenye rangi ya chai. Penginepo kijani kilikuwa kinabanduka kipande kizima, kama ganda la muhogo uliochemshwa, na chini yake chuma changu kilichong'aa kilikuwa chekundu tupu. Barza hawakusema kitu tulipokuwa tunarudi, na ukimya wao ulikuwa mbaya kuliko utani. Jioni ile mtu alikuja kumwambia mjomba kwamba madirisha aliyoagiza asiyaanze kwanza.

"Nikilikosea la pili," mjomba aliniambia huku akifagia chembe za chuma, "nafunga. Sitaki kuzeeka naitwa jina lile kwa haki. Narudi Ole kwenye shamba la baba, nilime muhogo. Muhogo hauoti kutu."

Alisema kwa wepesi, lakini usiku sikula vizuri. Mjomba wangu ni mtu wa chuma. Shambani hukaa nusu saa akaanza kurekebisha mpini wa jembe la mtu. Na aliyekuwa anamrudisha Ole ni mimi, naye alikuwa amekataa hata nikiri kosa.

Kwa hiyo nilirudi kwenye kitu pekee ninachokijua. Harusi ilikuwa mbali bado, baada ya mfungo. Nilikata vipande sita vya bati nene kutoka chuma kimoja, ukubwa wa kiganja. Viwili nilivisugua vikang'aa, kama nilivyofanya geti. Viwili nilivipeleka kwa njia ya mjomba, kutu ya siku tatu na maji ya magome. Viwili vya mwisho nilivipaka asidi ya fosfori, ile dawa ya kutu inayouzwa kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi, ambayo binamu yangu aliniletea kutoka Unguja. Katika kila jozi, kimoja kilikuwa cha maji ya kisima, kuoshea au kuchemshia, na kingine cha maji ya mvua. Nilimwomba mjomba maji ya pipa lake. Alinipa kwa kikombe, akikipima kwa jicho.

Kisha nikavipaka vyote rangi moja, nikachora kila kimoja mstari kwa msumari hadi kwenye chuma, nikavifunga kwenye ua wa bibi wa barafu upande wa bahari. Kila asubuhi nilivimwagia maji ya chumvi.

"Unamwagilia bati?" aliniuliza bibi wa barafu siku ya kwanza.

"Ndiyo, mama."

"Likichipua niite."

Wakati nikingoja nilisoma daftari zangu za chuo, na safari hii nilizisoma kama mtu mwenye shida. Nilikuwa nimejibu mtihani wa mambo haya. Niliandika vizuri, nikapata alama nzuri, nikatoka nje ya chumba cha mtihani na kuyaacha mezani.

Rangi, hata iwe nzuri vipi, hukaa juu ya chuma tu. Ni nguo. Maji na hewa vina subira, vitapata tundu, na vikishaingia chini ya nguo hutembea vitakavyo. Lakini kuna dawa ambazo hazikai juu ya chuma, huingiana nacho. Asidi ya fosfori hula chuma kidogo sana pale juu, na kile inachokila inakigeuza kuwa ukoko wa kijivu, chembe ndogondogo zilizoshikana, zilizoota kutoka kwenye chuma chenyewe. Hiyo ni ngozi, haibanduki kama nguo. Maji hayaiyeyushi. Umeme mdogo, ule ambao kutu huuhitaji ili isafiri kutoka sehemu moja ya chuma kwenda nyingine, haupiti kwa urahisi. Na kwa kuwa ina mikwaruzo midogo isiyoonekana, rangi hupata pa kushika. Magari kiwandani hutumbukizwa kwenye dawa ya namna hii kabla ya kupakwa rangi. Chuma changu kilichong'aa kama kioo hakikuwa na ngozi wala pa kushika.

Na magome? Mkandaa una tanini, ile inayofanya chai kavu ikaze ulimi. Tanini ikikutana na chuma ambacho kimekwishaanza kutu, huishika ile kutu na kuigeuza kitu kingine, cheusi, kilichotulia, kisichotaka tena kubadilika. Inataka kutu kidogo ya kufanyia kazi. Siku tatu za umande. Kutu nzito kupita kiasi haishiki, ndiyo maana ya brashi ya waya.

Nilifunga daftari nikaenda karakana nikamkuta mjomba anakunywa uji.

"Nani alikufundisha habari ya magome?"

"Ndoo."

"Ndoo gani?"

"Marehemu baba alikuwa akichovya nyavu kwenye maji ya mkandaa zisioze. Ndoo ya kuchotea ilikuwa ya bati, kuukuu, imeota kutu mpaka ndani. Nikaona mwaka wa kwanza imekuwa nyeusi. Mwaka wa pili iko vilevile. Wa tatu vilevile. Ndoo za majirani zilikuwa zimetoboka zote. Nikajiuliza."

Nikajiuliza. Nilirudia neno hilo moyoni njia nzima. Nilikuwa nimedhani mimi ndiye wa kwanza katika ukoo wetu kuwa na ugonjwa huu.

Baada ya wiki saba tulivifungua vile vipande. Mjomba alikuja mwenyewe, na bibi wa barafu akatoka na kibao cha kukalia, kana kwamba ni mashindano ya ng'ombe.

Chuma king'aacho kilichooshwa kwa maji ya kisima kilikuwa picha ndogo ya geti lake: malengelenge kila mahali. Mwenzake wa maji ya mvua hakuvimba, lakini kwenye mstari wa msumari kutu ilikuwa imetambaa chini ya rangi pande zote mbili, upana wa kidole. Kile cha magome na mvua kilikuwa na mstari mwekundu mwembamba palepale nilipouchora. Nilijaribu kuinua rangi kwa kisu kando yake, ikakataa. Cha asidi na mvua, vivyo hivyo. Lakini magome kwa maji ya kisima, na asidi iliyosuuzwa kwa maji ya kisima, vyote viwili vilikuwa vimeanza vipele.

Niliomba sufuria kwa bibi wa barafu, nikachota maji ya kisima chetu, nikayachemsha mpaka yakakauka. Chini kulibaki ukungu mweupe. Nikauonja kwa kidole, nikampa mjomba naye akaonja.

"Chumvi," alisema.

"Kisima kiko karibu na bahari. Mtu akinywa haioni. Mimi niliosha geti kwa chumvi, nikaifungia ndani kwa rangi. Chumvi inavuta maji, popote yalipo."

"Sasa mimi nilikwambia nini?"

"Uliniambia hawaelewani."

"Wanaelewana?"

"Hapana, mjomba."

Bibi wa barafu alikuwa akitutazama kwa zamu. Nikaona hapo ndipo pa kusema, na nikasogeza miguu yangu mbali na ya mjomba kwanza.

"Mama, geti lako nililiharibu mimi. Njia ile ilikuwa yangu, mjomba hakuitaka."

"Nilijua," alisema.

"Ulijua?"

"Fundi aliyeningojesha mwezi mzima kwa dirisha la choo, leo amalize geti kwa siku mbili? Nikasema hapa pana mkono wa chuo kikuu." Akainuka na kibao chake. "Haya, limalizeni. Na mie safari hii sitaki upesi."

Swali lilibaki moja: njia ipi? Mimi nilitaka asidi. Kupima kwake ni rahisi na haihitaji kungoja umande. Tena nilikuwa na hoja nyingine: magome yakichunwa mti ukingali hai, mti unakufa. Mjomba akaniambia yeye hachuni mti, huokota maganda kwa wauza boriti, miti iliyokwisha kukatwa. Sikuwa nimewahi kumuuliza hilo. Nilijaribu pia makonyo ya karafuu, nikidhani yatafaa, na kipande kilikuwa cheusi kidogo tu, ila kilinukia wiki nzima. Mjomba alikipitisha barza watu wanuse. "Hili geti la kunywea chai," alisema mmoja, na nilipowasikia wanacheka naye tena, moyo wangu ulitua kidogo.

Mwisho tuligawana. Geti lilikuwa na mabawa mawili. Tuliyakwangua mpaka chuma, tukayaosha kwa maji ya mvua mara nyingi hadi chumvi iishe, pipa likabaki tupu, tukangoja mvua ijaze tena. La kushoto likawa langu, nikalipaka asidi nimevaa glavu na miwani. La kulia likawa lake. Lilikaa kwenye umande siku tatu na barza wakaliimbia. Siku ya nne lilipogeuka jeusi, lake likiwa jeusi na langu la kijivu, tuliyasimamisha ukutani tukayatazama. Kisha kijani kikafunika yote.

Kabla ya kulifunga nilichora mstari kwa msumari chini ya bawaba, ndani, kila bawa. Mjomba aliona.

"Unaiumiza kazi ya watu?"

"Kama tumekosea nataka kujua kabla ya mwenye geti."

Hakunizuia. Ndiye mwenye karakana ya kupoteza, na hakunizuia.

Harusi ilipita. Nilisimama getini kama mlinzi, nikitazama migongo ya kanzu ikiegemea, na kila mgongo ulioondoka mweupe ulinipa raha isiyo na maana. Lakini kazi ya kwanza nayo ilikuwa nzuri mwanzoni. Ilibidi masika mengine yapite, na upepo wa bahari baada yake. Madirisha yale yaliyosimamishwa hayakurudi miezi yote hiyo. Mjomba alitengeneza baiskeli za watu, akachonga majembe, na mara mbili nilimsikia akimuuliza mtu hali ya shamba la Ole.

Tulikwenda naye mvua zilipokatika. Bibi wa barafu alitufungulia, akatuachia, ana wateja. Mjomba alipiga magoti chini ya bawaba, bawa la kulia kwanza. Mstari ulikuwa pale, mwekundu, mwembamba kama nywele. Akakwangua kando yake kwa ukucha wake, mgumu kama patasi. Hakuna kilichoinuka. Akahamia langu. Alikwangua kwa nguvu zaidi, niliona.

"Lipi lako?" bibi wa barafu aliniuliza akiwa dirishani.

"Hili la kushoto."

"Na lake?"

"Hilo jingine."

"Mbona sawa?"

Mjomba aliinuka, akapangusa magoti. "Ni sawa," alisema. Halafu kwangu, taratibu: "Mpelekee yule mtu salamu. Mwambie madirisha yake naweza kuyaanza."

Tulirudi kwa miguu. Nilimwambia kwamba nilijaribu pia kuchemsha magome asubuhi, na kuyakoroga kwa mkono wa kushoto, na sikuona tofauti yoyote. Karibu na karakana akanigeukia.

"Na mwenye njaa kufungua chungu?"

"Hilo sijalijaribu."

"Basi bado una kazi," alisema.

Mimi nipo bado. Barua moja ya kazi ilikuja, nikaijibu kwamba nitaanza mwezi ujao, na mwezi ujao ukaja nikaomba mwingine. Uani mwetu sasa chuma cha madirisha ya yule mtu kimelala juu ya magogo ya mnazi, siku yake ya pili. Asidi naitumia kwa kazi za haraka, magome kwa nyingine, na huyachemsha baada ya alasiri. Jua huwa limepungua saa hizo, ndiyo sababu yangu. Ng'ambo mtu amepaza sauti kuuliza kama imeiva, na mjomba, aliyezama ndani ya kazi, ameniachia nijibu mimi.